Uzi wa Tatu Umegoma

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Na nyingine naiweka akiba, maana najua hii ya kwanza utaipokea umenuna kwa kuwa sijaandika tangu mwaka jana. Sisi wazima. Mama kikohozi kimemwacha ila kugomba hakujamwacha, kwa hiyo tunajua hajambo. Mimi bado niko kwa dobi, mchana napiga pasi mashati ya watu, jioni nakimbilia bendi. Simu yako nimeipiga mara kumi na moja wiki hii. Inaita weee, hakuna mtu. Mama naye kapiga. Una ugomvi gani na simu?

Sasa kaa chini. Umekaa? Tumepata studio! Studio ya kweli, Mjomba, yenye sponji ukutani na kioo katikati! Tarehe ishirini Juni tunaingia kurekodi nyimbo nne, na mmoja ni wangu. Wangu mwenyewe, niliotunga huku napiga pasi! Niliruka mpaka mpangaji wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Ila gitaa linaniangusha. Nalisema lile lako, ulilonipa nilipomaliza shule. Nyuzi zikiwa wazi zote ziko sawa, tamu kabisa. Nikipiga huku karibu na kichwa, sawa. Nikivuka freti ya saba, kile chuma cha saba shingoni, kupanda juu, linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Na solo ya wimbo wangu yote iko huko huko juu! Kamanda, kiongozi wetu, yeye ndiye anayepiga besi, na sikio lake halina huruma. Juzi alisimamisha mazoezi, akaniangalia, akasema mbele ya watu wote, "Binti, gitaa lako linasema uongo." Amenipa mpaka tarehe mosi Juni. Siku hiyo atanisikiliza peke yangu. Solo ikiwa bado imepinda, anampa mpiga kinanda. Wimbo wangu, Mjomba! Apewe mtu anayepiga huku anatafuna bigijii!

Nakuomba uje, siku moja tu. Wewe ukilishika dakika kumi linanyooka. Nimekuona ukifanya hivyo tangu nina miaka tisa.

Mpwa wako uliyempa jina mwenyewe,
Kelele

21 Februari

Kelele wangu,

Marahaba zote mbili. Hiyo ya akiba nimeitumia siku hiyo hiyo. Sijambo, mgongo tu ndio unanikumbusha umri wangu. Karakana iko vile vile, benchi, taa, na magitaa ya watu ukutani. Jirani yangu fundi viatu anakusalimu. Bado ananiletea habari za mtaa mzima bila kuombwa. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Ndiyo hivyo.

Studio! Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa kama ulivyoniamuru. Nilipofika kwenye habari ya wimbo wako nilimwita fundi viatu aje aisome mwenyewe. Amefurahi, akagonga nyundo mezani badala ya makofi. Mpwa wangu anatunga nyimbo! Haya, umenizeesha kwa furaha.

Kuja siwezi, kazi zimejaa. Lakini una mikono miwili, na bisibisi ya nyota nilikupa. Utalipanga mwenyewe.

Weka nyuzi mpya kwanza. Uzi uliochakaa haupimiki, utakudanganya kila ukiugusa. Halafu mshukuru Mungu kwamba briji yako haichezi. Kile kibao cha chuma zinapoishia nyuzi kimefungwa kwenye mbao, hakiendi popote. Magitaa yenye mkono wa kutikisa, ukigusa uzi mmoja nyingine tano zinahama, mtu anaweza kulia. Juu ya briji yako kuna vichuma sita, kila uzi umekaa juu ya kimoja. Mimi naviita vikalio. Usicheke. Kila kikalio kina skrubu yake nyuma, inakisogeza mbele au inakirudisha.

Chukua kile kipima sauti, tyuna, funga uzi mpaka tyuna iseme uko sawa. Kisha gusa uzi juu ya freti ya kumi na mbili, gusa tu, usibane, upige: hiyo ni sauti ya kugusa. Sasa bana pale pale, upige: hiyo ni sauti ya kubana. Zinatakiwa ziwe kitu kimoja. Ya kubana ikiwa juu, uzi ni mfupi, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, uzi ni mrefu, sogeza kikalio mbele. Legeza uzi kabla hujazungusha skrubu, kisha funga upya, pima tena. Zungusha, funga, pima, mpaka uchoke, halafu endelea.

Na gitaa likae mapajani kama unapiga. Usililaze mezani. Nakujua.

Mjomba wako

10 Machi

Mjomba!

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema simu iliyotumbukia kwenye ndoo hukaushwa juani, na ndoo yako ina kina gani hata wiki tatu haijatoka. Dobi amenipandisha cheo, sasa napiga pasi mpaka suti. Fundi viatu mwambie asante kwa nyundo.

Nimeweza! Nyuzi tano, Mjomba, tano! Jumamosi nzima niko sakafuni na bisibisi. Mwanzo niliharibu. Nililaza gitaa mezani, ndiyo, usiseme kitu, nikapanga zote sita nikajisifu. Nikalivaa kwa mkanda wake nikasimama, zote zimehama. Nikaanza upya, mapajani. Uzi wa sita ulipokubali, sauti ya kugusa na ya kubana zikawa kitu kimoja kabisa, nilipiga ukelele mpaka Mama akaja mbio akidhani nimejichoma. Kumbe ni raha tu! Kwa nini miaka yote hii ulinificha raha hii ukaifanya peke yako?

Ila uzi wa tatu umegoma. Sauti ya kubana iko juu. Narudisha kikalio nyuma, bado iko juu. Narudisha tena. Sasa skrubu imefika mwisho, kikalio kimegota ukutani mwa briji, na bado iko juu! Nimebadilisha uzi mara mbili. Solo yangu inaanzia uzi huo huo. Kamanda kasikia nyuzi nyingine akaitikia kwa kichwa, nilipofika wa tatu akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

Halafu chumba chetu cha mazoezi kiko juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Wakianza kusaga vyuma pale chini hata mawazo yangu siyasikii, sembuse uzi.

Na kingine. Umeniandikia "mpaka tyuna iseme". Wewe? Si wewe uliyeniambia tyuna ni miwani ya mtu mwenye macho mazima? Nimecheka sana.

Kelele

29 Machi

Kelele,

Marahaba. Mwambie dada yangu simu imekauka lakini imekufa. Hongera ya suti. Hapa mvua imeanza, mbao zinavimba, kila mwenye gitaa mtaani kaniletea.

Nyuzi tano! Ningekuwepo ningekubeba begani kama zamani, mgongo ungesema wenyewe. Lakini nilisema usililaze mezani, au sikusema?

Kuhusu huo wa tatu, nitumie nyuzi zako za zamani, zile ulizotoa, zote sita. Usizinyooshe wala kuzifuta. Zikunje ndani ya bahasha kama zilivyotoka.

Kuhusu kelele za kuchomelea, usihangaike na sikio. Funga nyuzi kwa tyuna. Kisha gusa uzi wa nne kwenye freti ya kumi na mbili, uache uendelee kulia, halafu bana uzi wa tatu kwenye freti ya saba, upige. Sauti hizo mbili ni moja. Kama hazijapatana, zinagombana ndani ya mbao, zinatikisika, wua, wua, wua. Sasa egemeza taya kwenye pembe ya juu ya gitaa, weka kitambaa kwanza usichubue rangi. Uma meno kidogo. Utausikia mtikisiko mfupani. Ukiwa wa haraka, uko mbali. Ukipungua kasi, unakaribia. Ukitulia kabisa, umefika. Hata wakisaga reli nzima hapo chini, mfupa haujali.

Mimi nafanya hivyo siku hizi. Inatosha.

Mjomba wako

8 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nyuzi hizo hapo ndani, angalia zisikuchome.

Taya! Mjomba, taya! Nilisubiri makusudi waanze kusaga chini. Wenzangu wote wameziba masikio, mimi nimeegemea gitaa nimeuma meno, Kamanda ananitazama kama nimerukwa na akili. Na nikausikia! Wua, wua, wua, ndani ya kichwa! Nilianza na wa sita na wa tano kwa njia hiyo hiyo, nikazungusha wa tano kidogo, ukapungua, ukapungua, ukatulia, na machozi yakanitoka, sijui kwa nini. Nimewafundisha wote. Sasa bendi nzima inauma magitaa. Mpiga kinanda kajaribu kuuma kinanda, akaokota bigijii yake chini.

Uzi wa tatu lakini bado hautulii. Hata taya inasema hivyo hivyo.

Sasa, Mjomba, Mama karudi jana kutoka kwako. Ameniambia alikuletea simu mpya na hukuitoa kwenye boksi. Ameniambia alisimama mlangoni akakuita mara tatu, na wewe umeinamia gitaa, taya juu ya mbao, umefumba macho. Alipokugusa bega uliruka ukaangusha taa. Akakuuliza, ukasema ulikuwa unafikiri. Mama hakulia mbele yako. Kalia hapa jikoni, na unamjua Mama, hata vitunguu havimlizi. Kasema, "Mficha maradhi kilio kitamfichua."

Nikakaa nikaunganisha. Simu. Tyuna. Taya "siku hizi". Mjomba, unasikia kiasi gani?

Nakuuliza mimi, siyo mtaa. Nijibu.

Kelele

30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima.

Wiki tatu. Umebaki mwezi mmoja Kamanda anisikilize, na uzi wa tatu umegoma vile vile. Lakini siandiki kwa sababu ya uzi. Kama nimekukosea kwa kuuliza, nigombeze. Nimezoea kugombezwa na wewe. Kunyamaziwa sijazoea, na sitaki kuzoea.

Kelele

16 Mei

Kelele wangu,

Marahaba. Hujanikosea. Nyuzi zako nilizipata siku ya nne, na jibu lake nililipata siku hiyo hiyo. Mwezi mzima uliobaki ni wa hilo swali lako jingine.

Naanza na nyuzi maana huko ndiko najua kusema.

Nimezipitisha kwenye ukucha moja moja. Kwanza, uzi wa kwanza umeviringishwa kwenye ufunguo wake kule kichwani mara mbili tu. Mimi siviringishi hivyo, wala sikukufundisha hivyo. Ulilipeleka gitaa langu kwa nani? Hilo tutalizungumza.

Pili, kila mahali uzi ulipokutana na freti pana shimo, kama panya kaguguna. Nimetoa nyuzi za watu miaka thelathini, sijaona mashimo kama hayo. Kelele, unabana kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na mwizi! Uzi ukibanwa hivyo unavutika, ukivutika sauti inapanda. Uzi wa tatu ndio mnene kuliko zote zisizosukwa, zile za waya mtupu, huo ndio unaopanda zaidi. Ungerudisha kikalio mpaka nyumba ya jirani, bado ungekuwa juu. Gitaa ni zima. Ni mkono wako.

Na mkono wako ni kosa langu. Unakumbuka gitaa la kwanza, lile nililokuchongea kutoka mlango wa kabati la mama yako? Nyuzi zilikaa juu ya ubao kidole kizima. Mtoto wa miaka tisa, ili sauti itoke, ilibidi ubane kwa nguvu zako zote mpaka ulimi unatoka nje. Mimi nakutazama najisifu, nasema mtoto ana bidii. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikukunja vibaya. Kisha ukakua, nikakupa gitaa langu nililolipanga kwa mkono wangu mwepesi, bila kukukalisha hata dakika moja upige mbele yangu. Fundi gani anapima koti mwilini mwake halafu anamvisha mwingine?

Fanya hivi. Chomoa kile kikalio cha tatu, kigeuze, upande uliotazama shingo utazame nyuma. Kimechongwa mteremko upande mmoja, ukikigeuza utapata nafasi ya unene wa sarafu. Teremsha nyuzi kidogo, kwa skrubu mbili za pembeni mwa briji, mpaka zikaribie kukwaruza halafu pandisha unywele mmoja. Kisha kila siku, kabla ya mazoezi, weka kidole juu ya uzi bila kubana, upige, uongeze nguvu polepole mpaka sauti itoke safi. Hapo hapo, simama. Usiongeze. Utashangaa ni kidogo kiasi gani kinachotosha. Pima kwa mkono huo mpya. Una wiki mbili, na bidii unayo, nimeshuhudia ulimi ukitoka.

Sasa hilo jingine. Simu haikuanguka kwenye ndoo.

Sikio la kushoto limekwisha tangu mwaka juzi. La kulia linasikia nyundo ya fundi viatu, na mvua ikiwa kubwa. Mteja akija namtazama midomo, nacheka pale anapocheka. Nimeogopa, Kelele. Fundi wa magitaa asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja, nani atakula? Wakijua watalichukua kila gitaa ukutani, na mimi sina kitu kingine duniani ninachokijua. Kwa hiyo nimefunga mdomo, naegemeza taya mlango ukiwa umefungwa. Mama yako ameona. Wewe umejua. Wengine bado. Naomba ibaki hivyo.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba wangu, mjomba wangu, mjomba wangu!

Shikamoo! Mama hajambo, suti hazijambo, mpangaji wa chini amevunja ufagio!

Jana. Tarehe mosi. Kamanda kanikalisha kwenye stuli katikati ya chumba, wenzangu wote ukutani, chini wameacha kusaga makusudi, nadhani nao walitaka kusikia. Akasema, "Haya, binti." Nikasema moyoni, kidogo kinatosha, kidogo kinatosha. Nikaanza uzi wa tatu. Nikapanda freti ya saba, ya tisa, ya kumi na mbili. Mjomba, lilikaa! Lilikaa kama limezaliwa hapo! Nilipomaliza Kamanda alinyanyuka. Akalichukua gitaa, akalipiga mwenyewe, akakunja uso. Akasema, "Mikononi mwangu linapanda. Mikononi mwako liko sawa. Nani kalipanga?" Nikasema, "Mimi. Na mjomba wangu, kwa barua." Akasema, "Kwa barua?" Nikasema ndiyo. Akasema solo ni yangu. Chini huko mtu akapiga chuma mara tatu!

Zile wiki mbili nilibana kama mama anayemgusa mtoto aliyelala. Siku ya tano ndipo uzi wa tatu ulitulia kwenye taya. Nilikaa nao hivyo dakika nzima.

Na nakiri. Nililipeleka kwa fundi wa barabara kuu, Januari, kabla sijakuandikia. Aliniambia shingo imekufa, nilitupe. Nilikuwa naona aibu kukwambia. Kumbe sote tulikuwa na la kuficha.

Sasa nisikilize, au nisome. Kamanda anataka fundi studio tarehe ishirini. Besi yake imepinda, gitaa la pili limepinda, na kasema anamtaka yule wa barua. Sijamwambia kitu kingine chochote, na sitamwambia. Hilo ni lako. Ila kuvunjika koleo siyo mwisho wa uhunzi, Mjomba. Wewe umepata sababu ya uzi wa tatu bila kusikia hata sauti moja ya gitaa lile, kwa ukucha! Fundi wa barabara kuu ana masikio mawili mazima, akasema nilitupe.

Njoo.

Kelele

9 Juni

Kelele,

Marahaba. Nimefurahi mpaka nimemwambia fundi viatu, naye kauambia mtaa. Nilijua tarehe mosi ungeweza, lakini nilishinda siku nzima nimesimama.

Ya barabara kuu nimesamehe. Mizunguko miwili! Hilo sijasamehe.

Tarehe ishirini usiningoje.

Mjomba wako

27 Juni

Kelele wangu,

Salamu kwa mama yako. Mwambie nimefika salama, na mto aliouweka kitini safari yote umenisaidia mgongo. Ile simu mpya aliyoniletea ameisahau kwangu makusudi, nimeona.

Najua ulishtuka uliponiona mlangoni pa studio na kisanduku cha vifaa. Nilikuandikia usiningoje kwa sababu sikuwa na uhakika wa miguu yangu mwenyewe. Mama yako alinifuata tarehe kumi na nane, alikaa tu karakanani anashona kifungo, siku mbili, mpaka nikachoka kutazamwa.

Ulikuwa nyuma ya kioo unavaa mkanda wa gitaa, kwa hiyo hukuona lililotokea kwa Kamanda. Alinikabidhi besi, akaanza kunieleza, na midomo yake imefichwa na ndevu. Sikuambulia neno. Nikajaribu kucheka pale nilipodhani anacheka. Hakuwa anacheka. Nikatazama chini kwenye besi, nikaona mashimo ya nyuzi zake, mkono mzito, mzito kweli. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Kamanda, masikio yangu yamestaafu. Taya bado iko kazini. Kaa hapo, upige, nikuone mkono wako." Nikasubiri anifukuze.

Akavuta kiti akakaa. Akapiga. Nikaweka kitambaa, nikaegemeza taya, nikafumba macho. Nilipoyafumbua chumba kizima kimesimama kunizunguka, yule wa bigijii hatafuni. Vikalio vinne, saa moja na nusu. Kamanda akapiga, akasimama, akanishika bega, akasema kitu. Nikamwonyesha ndevu. Akazikusanya zote kwa mkono, akarudia polepole nimsome: "Gitaa la pili liko pale, Fundi."

Halafu mkarekodi wimbo wako. Mimi nilikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa mbao. Sauti ilinijia mgongoni na kwenye meno. Uzi wa tatu niliujua ulipoingia. Nimekuwa nikikuita Kelele miaka yote hii, na siku hiyo ningetoa kila bisibisi niliyo nayo nisikie kelele kidogo tu. Nilipata kidogo. Nililia, na sikuona aibu.

Nimerudi nikaandika kibao, fundi viatu kanisaidia kukipigilia mlangoni: "Fundi hasikii. Usigonge, ingia. Uje na gitaa na mkono wako mwenyewe." Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu, nikaanza kuyatazama magitaa ukutani nikiyaaga. Siku ya tatu kaingia mmoja, kakalishwa, kapiga mbele yangu, katoka anacheka. Leo walikuwa wanne kwenye benchi la nje wanangoja zamu, na wawili wametoka mitaa nisiyoijua. Sasa kila mtu anapiga kwanza, ndipo nashika bisibisi. Ningefanya hivyo miaka kumi na minane iliyopita, mkono wako usingekuwa mzito.

Simu ya mama yako nimempa fundi viatu, yeye ndiye mwenye maneno. Wewe niandikie. Na wimbo ukitoka, utume siku hiyo hiyo. Nimeitoa ile spika kubwa ya mbao stoo, nimeifuta vumbi, nimeiwekea kitambaa pale taya itakapokaa.

Mjomba wako,
Fundi